Kisa kimoja kati ya Maghribi na Isha

Ukitaka kuwasimulia watoto visa vya Qur'ani, anza na kisa kimoja, ukae nacho wiki nzima. Ukikimbilia kuwamaliza Mitume 25 waliotajwa ndani ya Qur'ani kwa mwezi mmoja, watoto watabaki na orodha ya majina. Sisi nyumbani tunakaa kati ya Maghribi na Isha, maana tumeshaswali pamoja na hakuna wa kuitwa tena kutoka chumba kingine. Robo saa inatosha. Simu zinawekwa mbali, na ya mzazi itangulie.

Kabla hujasimulia, isome Sura yenyewe pamoja na tafsiri yake. Visa hivi vimeongezewa mengi vinywani mwa watu. Yule mwanamke aliyemtaka Nabii Yusuf (A.S.), kwa mfano, Qur'ani haikumtaja jina. Mimi huwaambia wanangu waziwazi: hili limo ndani ya Aya, hili wamelieleza wanazuoni, na hili hatukuambiwa. Usione haya kusema "hatukuambiwa". Hata idadi ya vijana wa pangoni, katika Sura Al-Kahf, watu walibishania, na Mtume (S.A.W.) akaamrishwa aseme kuwa Mola wake ndiye aijuaye zaidi.

Kwa wadogo hakuna kisa ninachokipenda kama cha Sura An-Naml, Aya ya 18 na 19. Majeshi ya Nabii Sulaiman yanafika kwenye bonde la wadudu chungu. Mmoja wao anawaonya wenzake waingie majumbani mwao, wasije wakapondwa na Sulaiman na majeshi yake bila wao kutambua. Simama hapo hapo, uulize: kwa nini chungu alisema "bila wao kutambua"? Kisha nyamaza, hata kimya kikirefuka. Mwanangu wa miaka sita aliwaza, akajibu, "Kwa sababu anajua Sulaiman hawezi kumwumiza makusudi." Hiyo ndiyo dhana njema, ameifikia mwenyewe, nami sikuwa na cha kuongeza. Endelea sasa: mfalme aliyepewa majeshi ya majini, watu na ndege anayasikia maneno ya mdudu. Anatabasamu, kisha anamwomba Mola wake amwezeshe kushukuru neema aliyompa yeye na wazazi wake. Waache waigize chungu wakikimbilia nyumbani. Mitume hatuwaigizi, sehemu zao tunazisimulia tu. Siku nyingine mmoja akimkanyaga mwenzake mguu, mkumbushe kwa upole, "Hakutambua."

Wakubwa kidogo wape Sura Yusuf, uigawe: ndoto, kisima, gereza, kisha ndugu kukutana. Katisha Yusuf akiwa bado kisimani. Watakasirika, na kesho watakuwa wamekaa kabla hujawaita. Ukifika Aya ya 92, pale anapowaambia ndugu zake kuwa leo hakuna lawama juu yao, soma polepole. Ila usimsimulie mtoto kisa hiki cha ndugu waliomwonea Yusuf wivu siku ile ile aliyomwonea mdogo wake wivu. Atajua kuwa anasemwa, na Nabii Yusuf atakuwa kwake jina la kukaripiwa.

Si kila kisa kinangoja jioni. Cha Umar bin Abi Salama mahali pake ni wakati wa kula. Alikuwa mtoto aliyelelewa nyumbani kwa Mtume (S.A.W.), mkono wake ukizunguka huku na huku kwenye chombo cha chakula. Mtume akamfunza mambo matatu: ataje jina la Mwenyezi Mungu, ale kwa mkono wa kulia, na ale kilicho mbele yake. Hakumwondoa kwenye chakula.

Kisa cha Anas bin Malik jitayarishe nacho wewe mzazi. Alimtumikia Mtume miaka 10, na akaeleza kuwa hakuwahi kuambiwa hata "uff", neno dogo la kuonyesha kuudhika. Watoto wakishakisikia watakutazama wewe, na wana haki. Ukipandisha sauti, waombe radhi wakikusikia.

Mwisho wa wiki, mwenye kusimulia ni mtoto, na mzazi anakaa kusikiliza. Akichanganya mpangilio, usimkate kauli. Amalize kwanza, kisha fungueni msahafu pamoja, atafute mwenyewe ile Aya.