Namna ya kufanya kazi kwa utulivu, wewe kijana wa steji na soko

Ndugu zangu wa Kampala, anza na 2 Wathesalonike 3, soma mstari wa 6 mpaka 16 kabla hujawasha boda. Paulo alikuwa fundi wa mahema, akafanya kazi usiku na mchana ili asimlemee mtu, kwa hiyo akisema asiyetaka kazi asile anasema mtu aliyetoka jasho. Lakini maneno hayo usimpige nayo jirani aliyetafuta kazi akakosa! Huyo mpe chakula, mstari wa 13 unasema tusichoke kutenda mema.

Ukifika steji shika zamu yako, abiria wa mwenzio usimvute, bei mliyopatana ndo hiyohiyo hata mvua ikinyesha. Pale soko la Owino ukiwa huna mteja panga nguo, fagia mbele ya kibanda, maneno ya nani anadaiwa na nani yaache kabisa kwa sababu ugomvi mwingi wa sokoni unaanzia hapo, mi naona umbea unaharibu kazi kuliko uvivu.

Mwenzio akikataa kubadilika? Muonye kama ndugu, sio adui, tena pembeni, sio mbele ya wateja.