Jinsi ya Kuandika Historia ya Maafisa wa Kwanza Waafrika wa Kambi ya Jinja
Anayetaka kuandika historia ya Waafrika waliopandishwa vyeo katika batalioni ya nne ya King's African Rifles, jeshi la kikoloni la Waingereza Afrika Mashariki, iliyokuwa na kambi yake Jinja, Uganda, aanze na wazee walio hai pamoja na wajane wa waliofariki, kwa kuwa makaratasi yanaweza kungoja. Awahoji kwa Kiswahili, lugha ya kambini, na asiharakishe suala la cheo cha efendi, cheo cha Waafrika kilichokuwa chini ya afisa kamili, ambacho Idi Amin alikipata mwaka 1959 kabla ya kuwa luteni mwaka 1961, maana ndipo ubaguzi wa jeshi la kikoloni unapoonekana waziwazi. Picha zinakiliwe mbele na nyuma (majina huandikwa nyuma). Kisha alinganishe tarehe na majalada yaliyohifadhiwa katika Nyaraka za Taifa za Uingereza, Kew, London. Zikipingana, aziandike zote mbili.