Anza na mzizi: exhort, admonish, dissuade
Maneno ya Kiingereza ya kuhimiza na kuonya yanachanganya sana, lakini ukishika mzizi wa Kilatini hayakusumbui tena. Chukua monere, yaani kukumbusha au kuonya. Ndiko zilikotoka admonish (kuonya), summon (kumwita mtu afike), hata monument, kitu cha kukumbusha. Na yule monita wa darasani anayeandika majina ya wapiga kelele ni wa ukoo huohuo: kwa Kilatini, monitor ni mwonyaji. Suadere ni kushawishi, na ina undugu na suavis, yaani tamu. Hapo unapata persuade, na dissuade ni kumshawishi mtu aache jambo. Exhort imetokana na hortari, kuhimiza. Urge ni urgere, kusukuma. Ndiyo maana urgent ni jambo linalokusukuma ulifanye sasa.