Jinsi ya kuchora kwa mtindo wa Romero Britto

Mchoraji Romero Britto alizaliwa Recife, Brazili, mwaka 1963, kwenye familia maskini. Utotoni alichora juu ya maboksi na magazeti, miaka mingi kabla ya kuhamia Miami. Kwa hiyo usisubiri turubai la kuchorea. Kipande cha boksi kinatosha.

Chora paka kwa penseli, umbo kubwa, bila manyoya. Mgawe vipande vipande kwa mistari iliyopinda. Hapa ndipo penye utamu: kila kipande kipe rangi kali, na vinavyopakana visifanane. Mimi hupenda njano karibu na jicho, paka huchangamka papo hapo. Rangi ikikauka, ongeza madoa, mioyo, mistari. Mistari minene myeusi ya kuzungushia vipande iwe ya mwisho, kwa mkono usiosita. Ikitangulia itachafua rangi nyepesi.