Kujenga baraza la mawe na ngazi zake kwenye nyumba ya mteremkoni karibu na bahari

Baraza la namna hii hupigana na maji ya aina mbili: yanayoshuka mlimani chini kwa chini, na ya chumvi yanayoletwa na upepo. Mengi niliyoitwa kuyakarabati yalikuwa na mawe mazuri na yalijengwa kwa ufundi mzuri. Kilichoyaangusha ni ukuta usio na pa kutolea maji, au nondo iliyokaa karibu mno na uso wa zege. Mawazo yako yawe hapo tangu siku ya kwanza.

Hatua ya 1: Pima vimo kabla ya kuchimba

Anzia mlangoni. Uso wa baraza ukishakamilika uwe chini ya sakafu ya ndani kwa sentimita 5 hadi 10, ili mvua ya upepo isisukumwe ndani. Kutoka usawa huo, pima kwa mpira wa maji (mpira mwembamba unaopitisha mwanga, uliojaa maji, wa kulinganisha usawa) hadi pale ngazi itakapotua.

Tuseme umepata sentimita 102. Kidato kizuri kina kimo cha sentimita 15 hadi 18. Hapa vidato 6 vya sentimita 17 vinatosha kabisa. Upana wa kukanyagia unapatikana hivi: kimo mara mbili, jumlisha upana, ifike kama 63. Kwa hiyo 34 (17 mara mbili) na 29, ambao ndio upana. Vidato 6 vina sehemu 5 tu za kukanyagia, kwa kuwa ya sita ni baraza lenyewe, na ngazi itakula sentimita 145 za ardhi kwenda mbele.

Mteremko ndipo unapowakosesha wengi. Ukipima kimo ukingoni mwa baraza, kisha ngazi ikaenda mbele sentimita 145, ardhi nayo imeshuka, na kidato cha mwisho kinaning'inia au kinakuwa kirefu kuliko wenzake. Pima tena pale hasa mguu utakapotua, gawa upya, kisha rudia mpaka hesabu ikubaliane na ardhi. Mteremko ukiwa mkali, geuza ngazi ifuate ubavu wa kilima badala ya kushuka moja kwa moja. Vidato vyote viwe sawa. Tofauti ya sentimita moja inatosha kumwangusha mtu aliyebeba mzigo.

Hatua ya 2: Msingi

Chimba mpaka udongo mgumu ambao haujawahi kuguswa. Nyumba nyingi za mteremkoni zimezungukwa na udongo uliomwagwa wakati wa kusawazisha kiwanja, na huo haubebi kitu. Sakafu ya mtaro iwe bapa, isifuate mteremko. Shuka kwa madaraja, na pale daraja linapobadilika zege la juu lilalie la chini kwa angalau sentimita 30. Msingi ulioinama huteleza.

Hatua ya 3: Ukuta wa upande wa bondeni

Ukuta huu unaonekana kama pambo, lakini kazi yake ni kuzuia udongo. Kitako chake kisipungue nusu ya kimo chake kwa upana, na uso uegemee nyuma kidogo. Ukizidi mita 1.2, mtafute mhandisi akuchoree; hapo kukisia ni kuhatarisha watu.

Jenga kwa mchanganyiko wa saruji 1 kwa mchanga 4, mawe makubwa chini, na kila baada ya hatua chache weka jiwe refu linaloingia hadi ndani ya ukuta. Acha matundu ya bomba la milimita 50 kila mita 1.5, sentimita 10 hivi juu ya ardhi ya mbele, yakiinamia nje. Nyuma ya ukuta jaza kokoto safi upana wa sentimita 30, uzitenge na udongo kwa kitambaa cha kuchujia. Bila kitambaa, tope huingia kwenye kokoto, matundu huziba, na ukuta hubaki unasukumwa na maji yasiyo na pa kwenda.

Hatua ya 4: Kifusi

Tabaka za sentimita 15, na kila moja ishindiliwe ikiwa na unyevunyevu, si chepechepe. Usitumie udongo wa mfinyanzi. Chukua kipande cha nondo ukisukume kwa mkono: kikizama kirahisi, shindilia tena. Wengi huharakisha hapa kwa sababu kazi haionekani, kisha sakafu inabonyea mwaka unaofuata.

Hatua ya 5: Sakafu, na mwanya wa nyumba

Usilifunge baraza na nyumba. Misingi yao ni tofauti na itashuka kwa viwango tofauti. Ukiwaunganisha, ufa utajichagulia njia. Paka ukuta wa nyumba dawa ya kuzuia maji, simamisha ubao wa povu wa sentimita 1 hadi 2, mwaga zege, kisha ziba juu kwa mpira unaonyumbulika. Sakafu iinamie nje, sentimita 2 kwa kila mita.

Kwa sakafu ya sentimita 10 iliyolala kwenye kifusi kilichoshindiliwa vizuri, napendelea kuacha nondo kabisa na kukata mistari ya kupasukia (mikato ya juu juu inayouelekeza ufa upite hapo) kila mita 2.5. Chumvi hupenya zege mpaka kwenye chuma, na kutu huhitaji nafasi kubwa kuliko chuma chenyewe, hivyo hulipasua zege kutoka ndani. Pale ambapo nondo haikwepeki, kama sakafu inayoning'inia, iwe na zege la kuifunika la sentimita 5 au zaidi, ikiinuliwa kwa vijitofali vya zege, kamwe si kwa vipande vya mbao. Mchanga wa ufukweni na maji ya bahari visiingie kwenye mchanganyiko hata kidogo.

Hatua ya 6: Vidato na umaliziaji

Anza kidato cha chini na kila kimoja kilalie kilicho chini yake. Uso wa kukanyagia uinamie mbele milimita 5 na uwe wa kukwaruza. Mawe yaliyong'arishwa ni hatari yakilowa. Viungo vya nje vijazwe kwa saruji 1, chokaa 1, mchanga 6. Ni laini kuliko jiwe, na chumvi itakula kiungo unachoweza kujaza upya badala ya kula jiwe. Usipake rangi isiyopumua. Vyuma vya kushikilia viwe vya chuma cha pua, kile kinachostahimili kutu, cha daraja la 316.

Funika zege na magunia mabichi kwa siku 7; upepo wa bahari hukausha haraka.

Mvua kubwa ya kwanza ikinyesha, kagua matundu. Maji safi yakitoka, kazi iko sawa. Yakitoka na tope, kitambaa kimechanika au hakikufika mwisho, fukua sehemu hiyo urekebishe. Yasipotoka kabisa huku udongo wa juu umelowa, zibua kwa ufito mara moja.