Seriamu kwenye utando wa seli ya fueli: kipimo, maji na majaribio

Utando wa Nafion, polima inayopitisha protoni kati ya haidrojeni na oksijeni ndani ya seli ya fueli (kifaa cha kuzalisha umeme kutoka kwa gesi hizo), huliwa kutoka ndani. Gesi zikipenyeana kidogo kidogo hutokea haidrojeni peroksaidi, nayo ikikutana na ioni za chuma huzaa radikali za haidroksili, chembe kali mno zinazokata minyororo ya polima. Utando unakonda, unatoboka, seli inakufa. Kinga rahisi kuliko zote ni kiongezo cha ioni za seriamu, aina ya metali: huzima radikali, kisha hurudi katika hali yake ya awali na kuendelea na kazi. Kiongezo kingine, silika, ni cha shida nyingine, ya utando kukauka kwenye joto kali, nacho huchanganywa na polima ya majimaji kabla ya kumiminwa. Anza na seriamu.

Kata kipande cha Nafion 212 cha sentimita 10 kwa 10. Kikiwa kikavu kina uzito wa karibu gramu 1, na ndani yake mna milimoli 0.91 hivi za vikundi vya asidi vinavyopitisha protoni. Lengo ni seriamu ikalie 5% tu ya nafasi hizo. Kila ioni hukalia nafasi tatu, kwa hiyo unahitaji milimoli 0.015, sawa na miligramu 6.6 za seriamu naitreti heksahaidreti. Kiasi hicho ni kidogo mno kukiamini kwenye mizani ya kawaida. Yeyusha gramu 0.66 katika lita 1 ya maji, kisha chota mililita 10. Usishawishike kuzidisha, maana kila nafasi iliyokaliwa imenyimwa protoni, na umeme utapungua.

Kabla ya seriamu, safisha utando kwa nyuzi 80: saa 1 ndani ya peroksaidi ya 3%, saa 1 ndani ya maji, saa 1 ndani ya asidi ya salfuriki ya moli 0.5 kwa lita, halafu maji mara mbili. Sasa uweke kwenye chombo cha polipropilini chenye mililita 90 za maji, mimina zile 10, koroga polepole kwa saa 24 bila kupasha moto. Suuza kwa maji matupu. Wengi huharibu kazi hapa: wanaurudisha utando kwenye asidi kwa mazoea, na asidi inaifukuza seriamu yote waliyoiingiza. Shika utando kwa kibanio cha plastiki. Cha chuma kikianza kutu hudondosha kile kile kinachozaa radikali.

Maji ndiyo yanayoangusha watu wengi Nairobi. Ya bomba yana kalsiamu, ambayo hung'ang'ania nafasi za asidi kuliko protoni. Ya visima vingi vya mjini yana floraidi nyingi, na floraidi ndiyo utakayoipima mwishoni. Tumia maji yaliyoondolewa ioni, na upime mwenyewe yanavyopitisha umeme hata kama chupa imeandikwa ni safi: yakizidi mikrosimensi 2 kwa sentimita, yaache.

Kupima kinga, chukua vipande viwili vya uzito sawa, kimoja chenye seriamu na kingine bila. Kila kimoja kiingie chupa yake ya plastiki yenye peroksaidi ya 3% na miligramu 20 za ioni za chuma kwa lita, nyuzi 80, saa 24. Usikaze kifuniko, gesi itaipasua chupa. Kioo hakifai kwa sababu polima ikivunjika hutoa asidi ya floraidi inayokila. Pima floraidi kwa elektrodi, ukitia kwanza bafa maalumu ya floraidi (mchanganyiko unaozuia kiwango cha asidi kisibadilike). Bila bafa elektrodi husoma chini. Kipande chenye seriamu kinapaswa kutoa floraidi kidogo zaidi, waziwazi.

Ukifika kwenye seli yenyewe, kumbuka mwinuko. Nairobi iko karibu mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na maji huchemka karibu nyuzi 94. Kwa nyuzi 80, gesi ikiwa imejaa unyevu, mvuke huchukua zaidi ya nusu ya shinikizo lote, na oksijeni inayobaki ni pungufu kwa karibu theluthi moja kuliko Mombasa. Usilaumu seriamu kwa hilo. Endesha seli kwa nyuzi 60 hadi 65 au ongeza shinikizo, na ulinganishe na utando usio na kiongezo uliopimwa hapa hapa, si na jedwali la kiwanda.