Kupatana bei katika soko la Muttrah, Maskati

Ukiwa Maskati na unataka zawadi za kupeleka nyumbani, nenda Muttrah, nyuma ya barabara ya baharini inayotazamana na bandari. Vichochoro vyake vimeezekwa juu, hata wenyeji wakaliita soko la giza. Kabla hujafungua mdomo, jua kwamba kila bidhaa pale ina sehemu ya kupatana na sehemu isiyoguswa.

1. Zoea riali, pesa ya Oman. Riali moja ni baisa 1,000, sawa na takriban dola 2.60. Kwa aliyezoea kuhesabu maelfu ya shilingi, "riali tano" husikika kama bure, kumbe ni dola 13. Piga hesabu ndipo ujibu. Beba noti ndogondogo.

2. Nenda jioni. Mchana maduka mengi hufungwa mpaka kama saa kumi, na Ijumaa asubuhi utakuta milango imefungwa. Mzunguko wa kwanza usinunue kitu. Ulizia tu, na uingie ndani kabisa, maana maduka ya mlangoni ndiyo yanayosubiri wageni.

3. Kofia. Hapa ndipo pa kupatana hasa. Wauzaji wengi wanatoka India na Bangladesh, lakini utakutana pia na Waomani wenye asili ya Unguja na pwani yetu, na Kiswahili chao ni kitamu. Anza na salamu, bei itafuata.

"Ami, hii bei gani?"
"Kumi na mbili, mwanangu."
"Nifanyie nane."
"Nane hupati. Tazama vitundu, vyote vya mkono."

Usimbishie, igeuze kofia ndani. Ya mkono, mishono yake haifanani sawasawa na kila kitundu kimezungushiwa uzi peke yake. Ya mashine imenyooka yote, na nyuzi zimejazana upande wa ndani. Kama kweli ni ya mkono, panda mpaka kumi kwa moyo mmoja, kwa sababu hiyo ni kazi ya wiki nyingi. Kama ni ya mashine, mwambie kwa upole ulichokiona na ubaki kwenye bei yako. Akiridhia, toa pesa. Kumtajia mtu bei, akakubali, kisha ukaondoka, ni kumvunjia heshima.

4. Ubani. Unatoka Dhofar, kusini mwa nchi. Ulio bora huitwa hojari: mweupe wenye ukijani, unaopitisha mwanga. Wa kahawia ni wa bei ya chini. Omba chembe moja itiwe kwenye chetezo, unuse. Mimi kwenye ubani huomba nyongeza badala ya kupunguziwa. Muuzaji huchota kiganja kizima kwa furaha.

5. Dhahabu. Bei ya gramu hufuata soko la dunia, hiyo iache. Uliza gharama ya ufundi kando, upatane hapo tu. Risiti ionyeshe uzito na karati.

6. Jambia. Uliza mpini ni wa nini. Majambia ya zamani mengine yana mpini wa pembe ya kifaru, na biashara ya kimataifa ya pembe hizo imekatazwa na CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya wanyama na mimea iliyo hatarini kutoweka. Hata upunguziwe vipi, liache. Chukua la mpini wa mti, nalo lisafiri kwenye sanduku linalopimwa uwanjani. Ukiliweka kwenye mkoba wa mkononi litazuiliwa kwenye ukaguzi.